Vidonge Vilivyobaki

Maji yalipokupwa, kijiji chote cha Jambiani kilihamia baharini. Wanawake walitoka majumbani wamejifunga kanga viunoni, kamba na viroba mabegani, wakatembea juu ya mchanga mweupe uliolowa mpaka kwenye mashamba yao ya mwani. Mashamba hayo hayana miti wala udongo. Ni vijiti vilivyochomekwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa baina yake, na mwani umefungwa kwenye kamba hizo, ukicheza huku na huko kila maji yanaposogea.

Ulfat alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila skuli ilipofungwa alitoka kwao mtaa wa Malindi, mjini, akaja kukaa na bibi yake mzaa mama, Bi Mwatima. Mjini alizoea honi za boti zinazokwenda Dar es Salaam na makelele ya wapakiaji mizigo bandarini, ambako baba yake, Mcha, alifanya kazi. Jambiani alizoea mambo mengine: kuamka alfajiri, kuwasha moto, kunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, kisha kumfuata bibi yake majini.

"Mke mwenzangu, upesi!" Bi Mwatima alimwita kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake. "Au unangoja maji yajae tuvune kwa kupiga mbizi?"

"Naam, bibi, nnakuja!"

Likizo hii Ulfat alikuja na jambo alilolificha. Kabla ya skuli kufungwa aliugua koo hata akashindwa kumeza mate. Daktari alimpa vidonge vya antibiotiki, vile ambavyo watu wengi huviita rangi mbili kwa sababu nusu ya kidonge ina rangi hii na nusu ina rangi ile. Alimwambia avimeze vyote kama alivyoelekezwa, hata akijiona mzima. Siku ya safari, mama yake, Saadiya, alimtilia mkobani vile ambavyo havijamezwa. Lakini koo lilikuwa limeshapoa, na vidonge vile vilimtia kichefuchefu. Mama alipopiga simu kuuliza, Ulfat alijibu bila ya kusita:

"Nshamaliza, mama. Vyote."

Akavisukuma chini kabisa ya mkoba, chini ya nguo. Ulikuwa uongo mdogo tu, na hapakuwa na mtu wa kuumia. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Siku moja, walipokuwa wakifunga mwani, Bi Mwatima alishtuka na kuinua mguu wake wa kulia. Alikuwa amekanyaga gamba la chaza. Damu ilichuruzika chini ya vidole, ikachanganyika na maji ya chumvi.

"Bibi, umeumia!"

"Si kitu. Maji ya bahari ni dawa." Alichana kipande cha kanga kuukuu, akafunga mguu, akaendelea na kazi mpaka maji yalipoanza kujaa.

Lakini kidonda hakikufunga. Kilivimba pembeni, kikawa chekundu, kikaanza kutoa maji yenye harufu. Bi Mwatima alikuwa akitembea kwa kisigino, na kila alipoulizwa na wenzake alisema viatu vinambana. Ulfat, aliyelala naye chumba kimoja, ndiye aliyeona ukweli.

"Bibi, twende kituo cha afya."

"Kwa mkato huu? Ole wako umwambie mama yako, Ulfat. Mwaka mzima ananitaka nihamie mjini. Akisikia nimeumia, atakuja anichukue, anifungie kule juu ghorofani kama kuku. Mimi bila ya bahari yangu ni mtu gani?" Bi Mwatima akateremsha sauti. "Weye si uliugua koo? Vidonge vyako vimekwisha?"

Ulfat alitazama chini. Kwenye simu uongo ulikuwa mwepesi. Mbele ya macho ya bibi yake haukutoka.

"Vimebaki," alisema.

"Basi nipe. Dawa ni dawa."

Bi Mwatima alimeza kidonge kimoja kwa maji. Kingine alikifungua, akamwaga unga wake juu ya kidonda kama alivyoona watu wakifanya tangu ujana wake. Kesho yake maumivu yakapungua na ule wekundu ukafifia. "Unaona?" alisema kwa furaha, na siku hiyo hakumeza tena. Ikawa ndiyo desturi yake: mguu ukiuma, anameza, ukitulia, anaacha. Vidonge vilipokwisha alimtuma Ulfat dukani. Muuzaji hakuuliza cheti cha daktari wala hakuuliza ni vya nani. Alivifunga ndani ya kipande cha gazeti, akampa.

"Hii ni siri yangu na yako," Bi Mwatima alimwambia akimshika kidevu. "Na siri ni amana, mke mwenzangu. Amana haitolewi kwa mwingine."

Ulfat aliitikia kwa kichwa. Alijiona mkubwa, mtu aliyeaminiwa. Hata hivyo, kila alipokifunga kile kidonda kwa kitambaa kipya, aligeuza uso pembeni, kwani harufu ilikuwa imerudi, na safari hii ilikuwa kali zaidi.

Asubuhi moja wanawake walikwenda majini na Bi Mwatima hakutoka. Ulfat alimkuta anatetemeka chini ya mashuka, meno yanagongana, na mwili unawaka moto. Mguu ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, ngozi imevutika na inang'aa. Alimwita na hakuitika sawasawa.

Ulfat alikimbia mpaka pwani akimwita Bi Nunu, shoga wa bibi yake, ambaye shamba lake la mwani lilipakana na lao. Bi Nunu alitupa kamba zake majini, akaja mbio. Alipoufunua mguu ule alijishika mdomo.

"Mwatima! Na bado unatwambia viatu vinakubana?"

Hakungoja jawabu. Alimpigia simu Saadiya, akatafuta gari ya jirani, na kabla ya adhuhuri Bi Mwatima alikuwa amelazwa kwenye hospitali mjini.

Daktari aliyempokea aliitwa Anuar. Alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nitakuuliza jambo moja, na jawabu lake litanisaidia sana. Umetumia dawa yoyote kabla ya kuja hapa? Hata kidonge kimoja?"

Bi Mwatima alifumbua macho. Hakumtazama daktari, alimtazama mjukuu wake, aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Sikutumia kitu," alisema. "Maji ya bahari tu."

Daktari akamgeukia Ulfat. "Na wewe binti, ndiye uliyekuwa naye. Ulimwona akimeza dawa yoyote?"

Saadiya na Mcha walikuwa wamesimama pale pale. Ulfat aliwatazama. Akikubali, ataivunja amana ya bibi. Na mama atajua kuwa vile vidonge vya koo havikumalizwa.

"Sikumwona," alisema.

Dk. Anuar alichukua usaha wa kidonda kwa kijiti chenye pamba, akaupeleka maabara. Majibu yake huchukua muda, kwa sababu wadudu wa maradhi lazima waoteshwe kwanza ndipo wajulikane. Mgonjwa hawezi kuachwa hivi hivi akingoja, kwa hiyo alianzishiwa sindano ya antibiotiki ambayo kwa vidonda kama vile hufanya kazi mara nyingi.

Haikufanya kazi. Siku zikapita, na homa ikishuka kidogo inapanda tena. Wekundu ulikuwa ukitambaa kuelekea goti. Nyumbani Malindi, Ulfat alishindwa kula. Mama yake alimpikia wali na mchuzi wa pweza, chakula anachokipenda, naye akaukoroga tu mpaka ukapoa.

"Unamwonea huruma bibi yako," Saadiya alisema akimpapasa kichwa. "Umemuuguza peke yako kule, mwanangu. Mungu atakulipa."

Maneno yale yalimchoma Ulfat kuliko kofi.

Kesho yake walikwenda tena hospitali. Ulfat aliachwa akae kwenye benchi ukumbini, lakini mlango wa chumba cha daktari haukufungwa vizuri, na sauti zilimfikia.

"Tumemsafisha kidonda na tumempa sindano," Dk. Anuar alikuwa akisema. "Kwa kawaida, mtu ambaye hajatumia dawa yoyote angeshaanza kupata nafuu. Sielewi kwa nini hapati. Sumu ikifika kwenye damu tutampoteza. Ikiendelea hivi, itabidi tuukate mguu chini ya goti."

Kisha Ulfat akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani mwake: baba yake, mtu anayebeba magunia begani kutwa nzima, akilia.

Aliinuka. Hakwenda kwa daktari. Kwanza alikwenda wodini. Bi Mwatima alikuwa amelala chali, midomo imekauka.

"Bibi," Ulfat alisema, "nnakwenda kusema."

Macho ya Bi Mwatima yalifumbuka nusu. "Amana, Ulfat," alinong'ona.

"Wanataka kukukata mguu, bibi!"

Bi Mwatima aligeuza uso wake ukutani. Ulfat alisimama hapo akingoja apewe ruhusa. Ruhusa haikuja. Basi akaenda bila ya ruhusa.

Aliusukuma ule mlango na kusema kwa haraka, maana alijua akisimama atashindwa. Alieleza vidonge vya koo, vingapi bibi alivimeza, vingapi alivimwaga kidondani, na vile vilivyonunuliwa dukani. Alieleza na ule uongo wa kwenye simu. Alipomaliza alikuwa analia kwa kwikwi.

Saadiya alimtazama kana kwamba hamjui. "Nilikuuliza," alisema polepole. "Nilikuuliza, Ulfat, ukaniambia vyote." Kisha akaketi na kujifunika uso kwa mtandio.

"Baba, mimi..."

"Usiombe radhi sasa," Mcha alisema, sauti yake bado ina machozi. "Msaidie daktari kwanza. Sema lolote ulilolibakisha."

Dk. Anuar hakumkaripia. Alivuta kiti, akamkalisha, akamuuliza rangi za vidonge na vilimezwa kwa mpango gani. Kisha akashusha pumzi.

"Sasa naelewa," alisema. "Sindano tunayompa ni ndugu wa vile vidonge. Wadudu waliobaki mguuni mwake wameshaizoea jamii hiyo ya dawa, kwa hiyo sisi kila siku tulikuwa tunawachapa kwa unyoya." Alinyanyua simu, akazungumza na watu wa maabara. Aliwataka wasipime dawa za kawaida tu, bali wapime na zile za akiba. Siku hiyo hiyo alikisafisha tena kidonda, akachukua sampuli kutoka ndani zaidi.

"Nimechelewa?" Ulfat aliuliza.

"Hilo siwezi kukujibu leo. Lakini ungenyamaza mpaka kesho, ungechelewa zaidi."

Jioni ile Saadiya hakusema naye neno. Aliandaa chakula, akamwekea sahani mbele yake, akaondoka. Ulfat hakumlaumu. Lililomuumiza zaidi lilikuwa lile la bibi kugeukia ukuta. Kila walipokwenda kumtazama ilikuwa vivyo hivyo: Bi Mwatima anamjibu Saadiya, anamjibu Mcha, lakini Ulfat akisema "Shikamoo, bibi," anafumba macho.

Majibu yaliletwa na Bi Riyama, mtaalamu wa maabara, mwanamke mrefu mwenye miwani. Alikuwa ndani na daktari kwa muda mrefu, na alipotoka alimwona Ulfat amejikunyata kwenye benchi.

"Wewe ndiye uliyesema ukweli?"

"Mimi ndiye niliyesema uongo," Ulfat alijibu. "Ni mimi niliyeuharibu mguu wa bibi?"

Bi Riyama alikaa karibu naye. Alitoa simu yake, akamwonyesha picha ya kisahani cha duara chenye kitu kama uji mzito uliotanda. Juu yake palikuwa na vikaratasi vidogo vyeupe, vya mviringo.

"Huu ukungu unaouona ni bakteria, ndio wale wadudu wa kidonda cha bibi yako, mamilioni kwa mamilioni. Na kila kikaratasi kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwaua bakteria, pembeni mwa kikaratasi panabaki duara tupu, safi. Sasa tazama. Unaona duara?"

Ulfat alitazama. Bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye kingo za vikaratasi, karibu vyote.

"Hawaiogopi dawa," alisema kwa sauti ndogo.

"Wengi wao hawaiogopi. Bakteria ni kiumbe cha seli moja tu. Amezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, mfano wa ngozi. Ndani ya utando huo mna maji yake, chakula chake, uhai wake wote. Na hawa wa aina hii wana tando mbili, mmoja nje na mmoja ndani. Dawa nyingi, ili zimuue, lazima zipite kwanza kwenye utando wa nje. Zinaingia kupitia vijitundu ambavyo yeye mwenyewe huvitumia kupata chakula."

"Kwa hiyo anaziba vijitundu?"

Bi Riyama alimtazama kwa mshangao kidogo. "Wapo wanaofanya hivyo. Wanavipunguza, au wanavifanya vyembamba, bora wale kidogo kuliko kuingiza sumu. Na dawa ikifanikiwa kupita, kwenye utando kuna pampu. Ushamwona mvuvi ambaye ngalawa yake inavuja? Maji yanaingia, naye anayachota na kuyamwaga nje, anayachota na kuyamwaga nje. Ndivyo bakteria anavyoitoa dawa. Wewe unameza kidonge, yeye anakitema."

"Bakteria wanajuaje kufanya hivyo?"

"Hawajui kitu. Hawana akili. Katika kidonda wanakuwamo wa kila namna, dhaifu na wagumu. Pengine hawa wagumu walikuwamo tangu siku ile bibi yako alipoumia. Siwezi kukwambia kuwa vidonge vyako ndivyo vilivyowaleta. Lakini kidonge kimoja leo, kimoja keshokutwa, na unga kidogo juu ya ngozi, vitafanya nini? Vitawaua wale dhaifu tu. Maumivu yanapungua, mgonjwa anafurahi, anaacha. Waliobaki ni wagumu watupu, na sasa wana nafasi na chakula bila ya mwenzao wa kugombania. Wanazaana."

Ulfat alikumbuka furaha ya bibi yake siku ile: *Unaona?* Machozi yalimtoka upya.

Bi Riyama alisogeza kidole kwenye picha mpaka kwenye kikaratasi kimoja pembeni. Hapo palikuwa na duara tupu, safi.

"Hii ni dawa ya akiba. Haihangaiki na vijitundu. Inaushambulia utando wenyewe. Utando wa bakteria na dawa hii huvutana mfano wa sumaku na chuma. Dawa inanata, inajipenyeza, inautoboa. Yaliyo ndani yanavuja na bakteria anakufa."

"Na wao hawawezi kujikinga nayo?"

Bi Riyama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Wapo walioweza," alisema. "Wanaubadilisha utando wao, ile nguvu ya kuvuta inapungua, na dawa inakosa pa kushika, inateleza. Hao wakimpata mtu, sisi maabara tunatazamana tu. Bakteria wa bibi yako hawajafika huko. Lakini nisikufiche, mwanangu. Dawa hii ni kali, inaweza kuziumiza figo zake. Ndiyo maana hatuigusi mpaka nyingine zote zimeshindwa."

Dawa ile ilianza mchana huo, pamoja na maji mengi ya mshipani. Madaktari walipasua mguu kutoa nyama iliyokufa. Vidole viwili vya mwisho havikuweza kuokolewa, vilikatwa. Damu ya Bi Mwatima ilipimwa mara kwa mara, na kuna siku Dk. Anuar alitoka na uso uliokunjamana, akasema figo zimeanza kuchoka, ikabidi kipimo cha dawa kipunguzwe. Siku hiyo Mcha alikaa msikitini tangu adhuhuri mpaka alasiri. Saadiya na Ulfat walikaa kwenye benchi. Baada ya muda mrefu, Ulfat alihisi mkono wa mama yake umeushika wake. Haukuwa msamaha kamili; vidole vilikuwa baridi. Lakini haukuuachia.

Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, na safari hii haikupanda. Ule wekundu ukasimama, kisha ukaanza kurudi nyuma, taratibu, kama maji yanavyokupwa. Figo zikatengemaa. Asubuhi moja Bi Mwatima aliomba uji wa mtama na akalalamika kuwa hauna sukari. Muuguzi akacheka, akasema mgonjwa anayelalamika ni mgonjwa anayepona.

Ulfat alikuwa amesimama mlangoni, akiogopa kuingia.

"Unangoja nini huko?" Bi Mwatima aliita. "Njoo hapa, mke mwenzangu."

Ulfat alikaribia. Bi Mwatima alimsogezea nafasi kitandani.

"Nilikukasirikia," alisema. "Nilisema, mtoto huyu nimempa amana yangu, ameimwaga mbele za watu. Mpaka daktari alipokuja akanieleza mguu ungekatwa hapa." Alionyesha chini ya goti. "Nikalala nikifikiri. Nikaona aliyekosa kwanza ni mimi. Mtu mzima hamtwiki mtoto mzigo kama ule."

"Na mimi nilidanganya, bibi. Nilimdanganya mama, nikamdanganya na daktari."

"Ulidanganya. Kwa lile umwombe mama yako radhi, si kwa maneno tu. Lakini la kuitoa siri yangu, usiliombee radhi kwa mtu yeyote."

Bi Mwatima alipotolewa hospitali alikwenda kukaa Malindi kwa Saadiya mpaka kidonda kifunge. Alijifunza kutembea kwa mkongojo, na alikasirika kila mtu alipotaka kumshika mkono. Bi Nunu na wanawake wengine wa Jambiani walikuja kumkagua, wakapanda ngazi za ile nyumba ya zamani huku wakihema, wamebeba nazi na samaki wa kukaanga. Walipokwisha kumpa pole, mmoja aliuliza ni ugonjwa gani uliompeleka kukatwa vidole kwa mkato wa chaza.

Saadiya alifungua mdomo ili ageuze mazungumzo. Bi Mwatima alimzuia kwa mkono, akaifunua kanga miguuni. Wageni waliuona mguu wake, na mahali ambapo palikuwa na vidole.

"Si chaza," alisema. "Ni kuficha. Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nilimwambia mjukuu wangu huyu kuwa siri ni amana. Nikakosea. Siri ya zawadi ni amana, siri ya aibu ya mwenzio ni amana. Siri ya maradhi si amana. Ni sumu, na ukiishika wewe mtoto mdogo inakuumiza na wewe. Mtoto akiambiwa na mtu mzima, awe bibi, awe nani, ficha maradhi haya, basi na aende akaseme."

Bi Mwatima alimvuta Ulfat akakaa karibu naye.

"Na hizi dawa," aliendelea, "si peremende za kugawana. Daktari anapima ugonjwa, anachagua dawa, anasema umeze namna gani na mpaka lini. Wewe ukikatiza katikati kwa kuwa umejiona mzima, au ukampa jirani kwa kuwa umemhurumia, au ukanunua za kukisia dukani, hujaua wadudu. Umewafundisha ugumu. Na wakishakuwa wagumu hawatachagua. Watanijia mimi, watakujia wewe, watamwendea mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi nimelipa vidole viwili, na naambiwa nimelipa kidogo."

Bi Nunu alikuwa akiichezea ncha ya kanga yake. "Mwatima," alisema kwa aibu, "mimi nyumbani ninavyo, vya mwaka jana vya marehemu mume wangu. Nilikuwa nimeviweka, nikasema huenda vikamfaa mtu."

"Ukirudi, vipeleke kituo cha afya wakavitupe wanavyojua wao," Bi Mwatima alimwambia. "Usione tabu wala usione haya. Na yeyote akikuuliza kwa nini, mwambie habari ya mguu huu."